Ushuhuda wa Wimbo wa Arobaini na Mbili

Elikana wa Gasorwe ni mkulima wa maharage na mihogo. Ukikutana naye siku ya Jumanne, jembe begani, suruali imekunjwa hadi magotini, utampa salamu na kupita zako. Jumapili anakuwa mtu mwingine. Anavaa koti la kijivu alilolinunua kwenye kambi ya wakimbizi ya Ngara, upande wa Tanzania, anasimama mbele ya watu ishirini na wawili, anainua mkono, na watu hao wazima wenye watoto na mashamba wananyamaza. Ni mwalimu wa Kwaya ya Marejeo. Kazi hiyo haina mshahara, ina maneno mengi, na mkewe Efrazia anaapa kwamba mumewe akiambiwa achague kati ya kwaya na shamba, ataliacha shamba bila kugeuka nyuma.

Katika kwaya za watu waliokulia kambini, wimbo hautungwi. Mwambie Elikana kwamba ametunga wimbo fulani, naye atakusahihisha kwa upole, kama mtu aliyeitwa kwa jina la jirani. Wimbo hupewa. Unapewa ukiwa unapalilia, unapewa ukiwa na homa, unapewa mahali ambapo hata kalamu huna. Na ukishapewa, kabla kwaya haijauimba mbele ya watu kwa mara ya kwanza, unasimama na kutoa ushuhuda: alipewa nani, wapi, na alikuwa anafanya nini saa hiyo.

Tuseme ukweli, desturi hii haikushuka mbinguni. Ilianza kwa sababu ya wizi. Kambini kwaya zilikuwa zinaibiana nyimbo kupita kiasi. Leo mnaimba upande wenu, Jumapili ijayo wale wa ng'ambo ya bonde wanauimba kama wao, na wamebadilisha neno moja tu. Wachungaji walichoka kuamua kesi za nyimbo, wakaweka sheria: anayetaka wimbo uwe wa kwaya yake aushuhudie hadharani, na akidanganya, hilo ni kati yake na Mungu. Kesi zikaisha. Desturi ikabaki, ikavuka mpaka wa Kobero pamoja na masufuria.

Mwenye daftari la ushuhuda alikuwa Godfrey. Alimzidi Elikana miaka kumi, ndiye aliyemfundisha kuinua mkono, na ndiye aliyemwachia kwaya. Kila wimbo aliuandikia namba, kisha mstari mmoja. Wimbo wa tisa. Ulipewa: Godfrey, akichimba choo. Wimbo wa kumi na saba. Ulipewa: Elikana, foleni ya maji, amesahau ndoo. Godfrey alifariki mwaka 2005 kwa ugonjwa wa ini, akazikwa hukohuko Ngara. Miaka miwili baadaye malori yakaja kuwarudisha watu kwao, na mjane wake Lucia akapanda na mabinti wawili na godoro moja. Kaburi aliliacha. Kwao mtu akifa, watu huketi na wafiwa, marehemu anatajwa kwa jina lake, na baada ya mwaka wanakutana tena kumaliza msiba kwa heshima. Godfrey hakupata hayo nyumbani. Ndugu zake walikuwa wametawanyika, na Lucia alipofika mlimani kwao, yaani kijijini, alikuta majirani ambao hawakumjua marehemu hata kwa sura.

Sasa shida ya Elikana. Kambini alipewa nyimbo mpaka akawa anaomba apumzishwe. Daftari lina nyimbo arobaini za Ngara, na zaidi ya nusu ni zake. Tangu avuke Kobero kurudi, miaka kumi na saba, amepewa mmoja tu, wa arobaini na moja, na huo una ubeti mmoja na hauna mwisho. Alifunga na kuomba. Akajaribu hata kwenda kusimama kwenye foleni ya maji bila sababu, ndoo mkononi, mpaka wanawake wakamuuliza kama mkewe anaumwa. Wapi. Iweje mtu apewe nyimbo kwenye shida, na kwenye amani anyimwe? Swali hilo lilimkera, na hakuwa na wa kumuuliza bila kuonekana analalamikia amani.

Mwezi wa tano mwaka 2024 ikaja barua. Kwaya za waliorudi zingekutana Gitega Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, na kila kwaya ilete wimbo mpya na ushuhuda wake. Elikana aliisoma barua hiyo mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari kwenye ukurasa mtupu.

Alikwenda Gitega kuandikisha kwaya, na kama kawaida akapitia kwa Jeska, binti wa marehemu kaka yake. Jeska ana duka dogo karibu na soko. Anatoa fotokopi, anaandikia watu barua kwa kompyuta, anajaza muziki kwenye simu zao. Elikana akaketi kwenye stuli, akashika tama, akamweleza yote. Jeska alisikiliza huku akikata karatasi, halafu akamwambia amtajie maneno tu, yale yaliyomkaa moyoni, hata kama hayana mpangilio.

Elikana akataja. Kobero. Lori. Mama anauliza kama mlima huu ndio ule. Jembe lisilo na mpini. Mlango wa nyumba yenu una kufuli la mtu mwingine. Jeska akayaandika kwenye simu, akaongeza kwamba iwe kwaya, iwe Kiswahili, ngoma zisizidi. Akaingia mteja na kitambulisho chake, Jeska akainuka kukitolea fotokopi pande zote mbili. Aliporudi, wimbo ulikuwa tayari.

Akaubonyeza. Kilianza kinanda, zikafuata sauti za wanawake, kisha besi wakaingia kwa chini, taratibu, wakisubiriana. Maneno yalikuwa yale ya Elikana, ila yamenyooshwa. Mama, mlima huu ni wetu, ila ufunguo hatuna. Nywele zikamsimama. Akageuka kutazama mlangoni.

"Wanaimbia wapi hawa?"

"Hakuna watu, baba mdogo. Mashine inatengeneza. Ndiyo wanaita akili bandia."

"Huyo wa besi nimemsikia akivuta pumzi."

"Imejifunza hivyo."

"Anayevuta pumzi ana mapafu, Jeska."

Jeska alicheka, kisha alipoona baba yake mdogo hacheki, akamweleza kwa subira. Mashine imesikilizishwa nyimbo za watu, maelfu kwa maelfu, mpaka ikajua nyimbo zinavyokwenda, na sasa ukiipa maneno inatoa wimbo ambao haujawahi kuwapo. Elikana akauliza ni nyimbo za watu gani ilizosikilizishwa. Jeska hakujua. Akauliza basi aliyepewa huu ni nani, ni mashine, ni Jeska aliyebonyeza, au ni yeye mwenye maneno. Jeska akasema swali hilo halina mahali pa kubonyeza, na mteja mwingine akaingia.

Alirudi Gasorwe na wimbo kwenye kadi ya simu. Hakukusudia kumdanganya mtu, hilo lieleweke. Siku ya mazoezi aliufundisha kwa mdomo wake mwenyewe, simu ikiwa mfukoni, sauti moja moja, kama alivyofundisha nyimbo zote. Walipouimba wote pamoja kwa mara ya kwanza, Josefina, ambaye huongoza sauti ya kwanza na si mtu wa kulia ovyo, alifuta macho kwa kitenge. Akasema mwalimu amerudishiwa kipawa chake. Wenzake wakaitikia, wakampa mkono mmoja mmoja. Elikana akanyamaza. Angesema nini? Watu wakachukua kule kunyamaza kuwa unyenyekevu.

Lucia alikuwapo. Siku hizi haimbi, goti linamsumbua, lakini siku za mazoezi huja kufagia kanisa. Besi walipoingia, ufagio wake ulisimama. Mazoezi yalipokwisha alimfuata Elikana nje, akangoja wengine wapite.

"Shemeji, huo ni wa Godfrey."

Zile wiki za mwisho, alisema, Godfrey alikuwa anavumisha wimbo mmoja kitandani, asubuhi mpaka jioni, hauna maneno. Ni huo. Ule mteremko wa besi ni huo. Alikuwa anausikia akipika, akifua, akimgeuza ubavu, na hakudhani angekuja kuusikia tena. Kisha akaomba jambo moja. Huko Gitega, Elikana akisimama kushuhudia, aseme wimbo ulipitia kwa Godfrey. Ataje jina lake lote, na mlima wa kwao.

"Hapa nchini hajatajwa mbele ya watu hata siku moja," alisema. "Na mimi nitakuja. Hilo goti litanyamaza siku hiyo."

Elikana alifika nyumbani akapitiliza mlango. Efrazia alimkuta nyuma ya jiko, amesimama anatazama migomba. Akamweleza mkewe kila kitu, kuanzia fotokopi mpaka ufagio. Efrazia alikuwa anapembua maharage, na hakuacha.

"Kama aliyepewa ni simu," alisema, "si iende yenyewe Gitega ikashuhudie?"

Kwake jambo lilikuwa rahisi hivyo. Kwa Elikana halikuwa rahisi hata kidogo, maana wazo moja lilimwingia na halikutoka. Mwaka 2003 kwaya yao ilirekodi kanda kambini. Godfrey alikuwa anaongoza. Kanda ile iliuzwa, ikanakiliwa, ikatembea Kigoma, ikatembea Bukoba, na siku hizi watu wanaweka vitu vyote vya zamani kwenye mitandao. Kama mashine ilisikilizishwa maelfu kwa maelfu, kwa nini kanda ile isiwemo? Huenda Godfrey yumo humo, amechanganywa na wengine. Huenda Lucia anasema kweli. Na kama Lucia anasema kweli, kumtaja Godfrey si uongo. Lakini kanda ile haikuwa na wimbo aliokuwa akiuvumisha kitandani miaka miwili baadaye. Hapo akawa amerudi alikoanzia.

Akampigia Jeska. Jeska akasema hakuna njia ya kujua, hata waliotengeneza mashine hawawezi kukuonyesha wimbo fulani umetoka kwa nani. Ili kumsaidia, akaiandikia tena maneno yaleyale, na jioni hiyo akamtumia nyimbo nyingine mbili. Zote zilikuwa nzuri. Moja ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Elikana alizisikiliza akakasirika, akiwa peke yake shambani, bila kujua anamkasirikia nani. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia mtu amepewa wimbo mmoja kwa namna tatu ili achague.

Wiki iliyofuata akaenda Muyinga mjini kwa Houssein, ambaye ana kibanda sokoni cha kutengeneza redio na kujaza nyimbo kwenye kadi. Houssein ni mtoto wa mjini, familia yao ni Waislamu wa Muyinga wa siku nyingi, mafundi kutoka babu. Hajui kambi wala kwaya, ila ana kanda za kila aina. Elikana alitaka kujua kama anaweza kupata ile ya mwaka 2003. Houssein akasema aimbe kidogo, au aweke huo anaoulinganisha. Elikana akamwekea wimbo wa simu. Houssein akaacha kuchomea waya.

"Mais mwalimu, iyi wimbo mi naijua," alisema, akichanganya Kifaransa kama watu wa mjini. "Iko ya zamani. Marehemu baba alikuwa anaiimba pale tukiwa batoto, akishona kofia."

Elikana akamwambia haiwezekani, wimbo huu una mwezi mmoja. Houssein akasisitiza. Maneno si hayo, alisema, baba alikuwa anaimba maneno ya dini yao, lakini pale sauti inaposhuka, ni baba kabisa. Akaomba airudie. Akaisikiliza mpaka mwisho ameinamisha kichwa, kisha akamwomba mwalimu amwachie nakala, amsikilizishe mama yake. Ile kanda hakuwa nayo.

Kuanzia siku hiyo Elikana alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Alipanda maharage mahali palipokwisha kupandwa. Kwenye mazoezi aliinua mkono akasahau kuushusha. Ilikuwa hivi: akimtaja Godfrey, Lucia atapata alichokingoja karibu miaka ishirini, na yeye Elikana atakuwa ametoa ushuhuda wa jambo asilolijua, madhabahuni, kwa desturi ileile iliyowekwa ili watu wasidanganye. Asipomtaja, atakuwa amemnyang'anya mjane wa rafiki yake wimbo wa mwisho wa mumewe. Na kisa chenyewe ni kwamba hakujua kama ni wa mwisho wa mumewe au si wake. Angejua mojawapo, angelala.

Siku ikafika. Kanisa lilikodi Coaster, na dereva alikuwa Josephat, mtu wa makini sana. Kwa ajili ya vizuizi vya barabarani alikuwa na orodha ya abiria, jina na mahali pa kushukia wakati wa kurudi, na kabla ya kuwasha gari aliisoma yote kwa sauti kama mwalimu wa shule, kila mtu akiitika. Lucia aliitika kwa sauti kuliko wote. Alikuwa amevaa vitenge vya rangi moja juu na chini, na viatu ambavyo Elikana hakuwahi kumwona navyo. Njia nzima kupitia Karuzi alitazama dirishani akitabasamu.

Gitega kulikuwa na kwaya kumi na tatu na hema kubwa la turubai. Elikana alisikiliza ushuhuda wa wenzake. Mmoja alipewa wimbo akichunga mbuzi. Mmoja alipewa na mamake kwenye ndoto, tena mamake yuko hai, anauza ndizi Ruyigi. Walieleza kwa uhakika, hawakusitasita, na Elikana akawaonea wivu. Zamani na yeye alisimama hivyo. Je, zamani alijua zaidi, au alikuwa hajaulizwa tu?

Ikaitwa Kwaya ya Marejeo. Elikana akashika kipaza sauti. Lucia alikuwa mstari wa pili, mikono magotini, ameinua uso. Elikana akamwona, na wakati huohuo akaona daftari mkononi mwake, mwandiko wa Godfrey kwenye jalada. Godfrey hakuwahi kuandika humo neno asilolijua. Alikuwa akimhoji mtu kwanza: ulikuwa umesimama au umekaa? Moyo ukamwamulia.

"Wimbo huu sikupewa," alisema. "Binti wa kaka yangu aliandika maneno yangu kwenye simu, na simu ikauimba. Simu ilipewa na nani, sijui. Kwetu kuna mjane anayeutambua kuwa ni wa marehemu mume wake. Sokoni Muyinga kuna fundi, Mwislamu, anautambua kuwa ni wa marehemu baba yake. Nimetafuta sana, sikupata. Nimeona nisisimame hapa nikashuhudia nisichokijua."

Mchungaji mwenyeji alimtazama katibu, katibu akatazama ratiba. Hakuna aliyewahi kusikia ushuhuda wa namna hiyo, wala sheria yake. Mchungaji akasogea, akauliza kwa sauti ya chini, ambayo kipaza sauti kiliichukua yote, "Sasa mtauimba au hamtauimba?" Aliyejibu ni Josefina, ambaye wala hakuulizwa. Alianza. Wengine wakafuata, besi wakaingia kwa chini wakisubiriana, na walipofika kwenye maneno ufunguo hatuna, watu walikuwa wamesimama. Wengi walilia. Wachache walikaa, wamekunja mikono, na baadhi ya waliokaa walilia pia.

Baadaye, wakati wa chakula, walimu watatu wa kwaya nyingine walimjia kwa pamoja. Elikana akajiandaa kukemewa. Walitaka namba ya Jeska. Bibi mmoja mfupi wa kwaya ya Makamba, Kasilda kwa jina, ndiye aliyemkemea, na hakupandisha sauti. Alimwambia amelia sana kwa wimbo huo, na akikumbuka mambo yake ya Kigoma atalia tena, ila tangu amalize kulia anajiuliza. "Nimemlilia nani, mwanangu?" Elikana akamwambia hata yeye hajui. Bibi akamshika mkono akautikisa, kama anayempa pole.

Waliondoka saa nane mchana. Elikana alijisikia mwepesi. Alikuwa bado hajui lolote kuhusu mashine, Mungu, wala pumzi ya yule wa besi, lakini hakudanganya, na hilo lilimtosha kuegemea kiti na kufumba macho. Alijipongeza kidogo, tusimfiche. Wanakwaya wengi walisinzia kabla ya kufika Karuzi. Lucia alikuwa kando yake, kimya, amevua viatu na kuvishika mapajani.

Elikana akaona amwombe radhi. Akamwambia anajua amemuumiza, lakini angesema nini, hakuwa na uhakika kama wimbo ni wa Godfrey. Alijieleza kwa kirefu, kuhusu kanda, kuhusu Houssein, kuhusu zile nyimbo mbili nyingine. Lucia akamwachia amalize.

"Shemeji, hata mimi sijui," alisema. "Siku ile niliona ni wake. Nikafika nyumbani nikauimba, nikaona ni wake nusu. Jumapili nikaona si wake. Mimi nimechoka kuufikiria."

"Sasa kwa nini ukaniomba?"

"Niliomba utaje jina."

Elikana akamtazama.

"Umeitaja simu," alisema Lucia. "Umemtaja fundi wa redio. Mimi umesema mjane. Yeye umesema marehemu. Ungesema tu, si wa Godfrey. Ningeridhika. Ungesema, Godfrey hakupewa wimbo huu. Watu wote wale wangelisikia."

Hakulia wala hakulaumu. Aliinama akaanza kuvaa viatu, ingawa safari bado ilikuwa ndefu.

Elikana alirudia ushuhuda wake kichwani, neno kwa neno, akitafuta. Halikuwamo. Jina lilikuwa kwenye jalada la daftari, mbele ya macho yake, na alilichungulia lile ili apate nguvu ya kusema ukweli, kisha akasema ukweli wote akaliacha. Ule wepesi wote ulimtoka, na mahali pake pakabaki aibu. Angerudi vipi? Hema lilikuwa limeshashushwa. Kipaza sauti kilikuwa kimerudishwa kwa mwenyewe.

Akasimama ndani ya gari, mkono mmoja umeshika kiti cha mbele. Sijui alitaka kufanya nini, na nadhani hata yeye hakujua. Watu walikuwa wamelala, vichwa vimeanguka huku na huku.

"Godfrey," alisema, kwa ile sauti ya madhabahuni. "Godfrey wa Gasorwe, mwalimu wa kwaya hii."

Hakuna aliyeamka. Josefina aligeuza shingo, akaendelea. Ila Josephat, mtu makini, akapunguza mwendo. Akachukua orodha yake juu ya dashibodi, akaipitisha macho, akaitazama tena upande wa pili. Kisha akamtazama Elikana kwenye kioo.

"Huyo simuoni hapa," alisema. "Anashukia wapi?"

Lucia akamaliza kufunga kiatu, akainua kichwa.

"Muandike," alisema. "Tunashuka wote Gasorwe."